Asiyejua kuhesabu dawa asipewe sindano

Kila mwaka, wafinalisti wa shule za wauguzi za Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia na Uvira wanapojitayarisha kwa mtihani wa jury ya taifa, shauri moja linapita kutoka mdomo hadi mdomo. Linasema: maswali ya hesabu ya dawa yaache kwanza. Jibu ya magonjwa, jibu ya uzazi, jibu ya usafi, kusanya pointi zako. Hesabu utaigusa mwishoni kama saa inabaki. Anayetoa shauri hilo anadhani anamsaidia mdogo wake. Kumbe anamfundisha kuruka swali ambalo kesho mgonjwa atalijibu kwa mwili wake.

Shauri hilo ni baya, na wanaolirudia wanapaswa kuambiwa wazi. Muuguzi anaweza kusahau jina la mfupa mdogo wa mkono, na hakuna mtu atakayekufa siku hiyo. Anaweza kusahau mwaka ambao chanjo fulani ilivumbuliwa, akauliza mwenzake. Lakini asipojua ni mililita ngapi za dawa zinaingia katika bomba la sindano kwa mtoto wa kilo 6, hakuna kitu kingine anachokijua kitakachomwokoa mtoto huyo. Hesabu ya dawa haifanani na maswali mengine ya mtihani. Ni mlango ambao maarifa mengine yote yanapita ili yamfikie mgonjwa.

Tena, hapa Kongo mlango huo una mlinzi mmoja tu. Katika nchi zenye uwezo, daktari anaandika dozi, mfamasia anaitazama, muuguzi wa kwanza anaitayarisha, na wa pili anahakikisha. Kosa la mmoja linaweza kukamatwa na mwingine. Katika vituo vyetu vingi vya afya hakuna daktari wala mfamasia. Muuguzi titulaire ndiye anayempima mgonjwa, ndiye anayeandika dawa, ndiye anayevunja ampuli, ndiye anayechoma sindano. Usiku yuko peke yake na taa ya simu. Kijiji kizima kinamwita dokta. Akikosa hesabu, kosa lake halina mtu wa kulisimamisha njiani.

Wale waliokimbia vita wanajua jambo hili kuliko wengine. Familia iliyotoka Masisi, Rutshuru, Djugu au Fizi haichagui hospitali. Inafika kwenye eneo la wakimbizi wa ndani, inakuta hema moja lenye msalaba mwekundu au bendera ya shirika fulani, mstari mrefu wa akina mama, na muuguzi mmoja aliyechoka. Mtoto wao anakabidhiwa kwa mikono hiyo. Kwa hiyo mtihani wa wauguzi si jambo la wanafunzi na walimu wao peke yao. Ni jambo la kila mzazi anayesimama katika mstari huo.

Ubaya wa kuruka hesabu unaonekana katika neno moja ambalo limekuwa kama sheria katika vituo vingi: "Mtu mzima ampuli moja, mtoto nusu ampuli." Neno hilo linaonekana la busara. Ni rahisi kukumbuka, halihitaji kalamu, halihitaji mizani. Na ni la hatari.

Chukua jentamisini, dawa inayotumiwa sana kwa watoto wachanga wenye maambukizi. Mtoto wa kilo 3, mwenye siku nne tangu kuzaliwa, anahesabiwa miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Tano mara tatu ni miligramu 15. Hadi hapo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza. Sasa tazama ampuli. Kuna ampuli ya mililita 2 yenye miligramu 80. Katika hiyo, kila mililita ina miligramu 40, kwa hiyo miligramu 15 ni mililita 0,375, yaani chini kidogo ya alama ya 0,4 kwenye bomba dogo la mililita 1. Lakini kuna ampuli nyingine, nayo ya mililita 2, yenye miligramu 20 tu. Katika hiyo, kila mililita ina miligramu 10, na miligramu 15 ni mililita 1,5.

Mtoto ni yule yule, dawa ni ile ile, ampuli zinafanana kwa ukubwa. Mara moja mililita 0,375, mara nyingine mililita 1,5. Yule wa "nusu ampuli" atavuta mililita 1 katika zote mbili. Kutoka ampuli ya 80 atampa mtoto miligramu 40, karibu mara tatu ya dozi, na jentamisini ikizidi inaharibu figo na masikio. Kutoka ampuli ya 20 atampa miligramu 10, dozi pungufu, na ugonjwa utaendelea kumla mtoto wakati mama anaambiwa kwamba dawa imeshatolewa. Nusu ampuli imekosea pande zote mbili. Ndiyo maana haiwezi kuitwa hesabu. Ni kubahatisha kulikovaa koti jeupe.

Mfano wa pili unatoka katika ugonjwa ambao kila familia ya Mashariki inaujua: malaria kali. Dawa yake ya kwanza ni artesunate ya sindano, chupa ya unga wa miligramu 60. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 na kuendelea ni miligramu 2,4 kwa kila kilo. Msichana wa kilo 14 anahitaji miligramu 42. Sasa unga huo unachanganywa kwanza na mililita 1 ya bikaboneti iliyo katika boksi. Halafu, kama dawa itapitia mshipani, unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi: jumla ni mililita 6, na kila mililita ina miligramu 10. Kama itapitia kwenye msuli, unaongeza mililita 2 tu: jumla ni mililita 3, na kila mililita ina miligramu 20. Kwa hiyo msichana huyo anapata mililita 4,2 mshipani, au mililita 2,1 kwenye msuli.

Mwanafunzi aliyekariri "kilo 14 ni mililita 2,1" bila kujua sababu, siku atakayochanganya kwa njia ya mshipa na kuvuta 2,1, atampa mtoto nusu ya dozi. Mtoto mwenye degedege la malaria hana muda wa kungojea nusu nyingine. Dawa hiyo inarudiwa baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Kosa la kwanza lisipoonekana, litarudiwa pia.

Dawa hiyo hiyo ina mtego mwingine ambao mtihani mzuri unapaswa kuuweka. Mtoto wa kilo 19 anahesabiwa 19 mara 3, yaani miligramu 57. Mtoto wa kilo 21 anahesabiwa 21 mara 2,4, yaani miligramu 50,4. Mdogo anapata zaidi kuliko mkubwa. Mtahiniwa asiyeelewa ataona jambo hilo, ataogopa, atafuta jibu lake sahihi na kuandika la uongo. Anayeelewa atajua kwamba mwili wa mtoto mdogo unahitaji miligramu nyingi zaidi kwa kila kilo ili dawa hii imfae, na ataacha jibu lake lisimame.

Kuna wanaosema kwamba hayo ni mambo ya karatasi, na kwamba kazini mtu anazoea. Goma ina jibu kwa watu hao, na jibu hilo liliandikwa kwa makaburi. Katika Julai 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kiliwakuta juu ya mawe ya volkano pasipo maji. Karibu watu 50.000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Madaktari kutoka Bangladesh, nchi inayojua kipindupindu tangu zamani, walikuja kusaidia. Mwaka 1995 walieleza katika gazeti la kitabibu la Lancet kwa nini vituo vya matunzo vilishindwa kuzuia vifo vingi. Kati ya sababu walizozitaja: maji yalirudishwa mwilini polepole mno, maji ya chumvi na sukari ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, seromu zilizotumiwa hazikuwa zote zenye kufaa, na wahudumu hawakuwa na uzoefu. Seromu kutundikwa haikutosha. Ilipaswa kwenda kwa mwendo unaotakiwa.

Mwendo huo ni hesabu. Mtoto wa miezi minane, kilo 6, asiye na utapiamlo, amekauka sana kwa kipindupindu. Anapaswa kupata Ringer laktati mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, yaani mililita 180. Halafu mililita 70 kwa kila kilo katika saa tano zinazofuata, yaani mililita 420. Muuguzi hana mashine ya kusukuma seromu. Ana mrija, gurudumu la kufunga na kufungua, na saa ya mkono. Kwa hiyo lazima abadili mililita kuwa matone. Mrija wa kawaida unatoa matone 20 kwa mililita moja. Saa ya kwanza: 180 mara 20, gawanya kwa dakika 60, ni matone 60 kwa dakika. Saa tano zinazofuata: 420 mara 20, gawanya kwa dakika 300, ni matone 28 kwa dakika.

Lakini katika boksi la msaada kunaweza kuwa na mrija wa watoto, ule wa matone madogo, 60 kwa mililita. Muuguzi akihesabu matone 28 katika mrija huo, kwa saa tano mtoto atapata mililita 140 mahali pa 420. Theluthi moja. Seromu inaning'inia, matone yanadondoka, mama ana matumaini, na mtoto anakauka mbele ya macho ya watu wote. Hakuna atakayesema kwamba ameuawa na hesabu. Watasema ni kipindupindu.

Ndiyo sababu swali la matone katika mtihani halipaswi kuitwa swali la hesabu. Ni swali la kipindupindu. Na swali la ampuli ni swali la mtoto mchanga.

Sasa, kwa nini vijana wengi wanaliogopa? Si kwamba hawana akili. Mtu anayeweza kubadili dola kuwa franka za Kongo kichwani, katikati ya soko la Virunga au la Kadutu, huku bei inapanda na kushuka, hakosi akili ya hesabu. Muuza unga wa muhogo anajua kwamba kama kilo 5 ni bei fulani, kilo 3 ni kiasi gani, naye hakuona karatasi. Hesabu ya dawa ni hiyo hiyo, ile règle de trois ya shule ya msingi. Kinachowaangusha ni namna wanavyofundishwa: fomula inaandikwa ubaoni, inakaririwa kama sala, na mwanafunzi anafika kwenye mtihani bila kuwahi kushika chupa ya dawa na kusoma kilichoandikwa juu yake. Wakibadilisha namba moja katika swali, sala inaharibika.

Njia ya kulishika swali la namna hiyo ipo, na haihitaji kipaji. Kwanza, mtahiniwa asome swali lote na kujiuliza: mwisho wanataka nini? Miligramu, mililita, vidonge au matone kwa dakika? Wengi wanakosa kwa sababu wanahesabu vizuri kitu ambacho hakikuulizwa. Pili, atafute uzito wa mgonjwa na dozi kwa kila kilo, na atazame kama imeandikwa "kwa siku" au "kwa kila mara". Neno hilo dogo limeshapoteza wengi. Amoksisilini ya miligramu 80 kwa kilo kwa siku, igawanywe mara mbili, kwa mtoto wa kilo 10, ni miligramu 800 kwa siku nzima, yaani 400 asubuhi na 400 jioni. Anayempa 800 asubuhi na 800 jioni amempa mara mbili ya dawa.

Tatu, alete vipimo vyote katika lugha moja kabla ya kugusa hesabu. Gramu ziwe miligramu, saa ziwe dakika. Gramu 1 ni miligramu 1.000, na miligramu 1 ni mikrogramu 1.000, sufuri moja ikianguka, dozi imekuwa mara kumi. Nne, asome nguvu ya dawa katika mililita moja, si katika ampuli nzima. Tano, kabla ya kuhesabu, akisie: jibu litakuwa chini ya ampuli moja au juu yake? Mtoto wa kilo 3 hawezi kuhitaji ampuli nne za mtu mzima. Jibu likitoka hivyo, ni jibu lililokosea, si mtoto wa ajabu.

Sita, baada ya kuhesabu, arudi nyuma kwa njia aliyotoka. Kama amepata mililita 4,2 na kila mililita ina miligramu 10, basi ni miligramu 42. Gawanya kwa kilo 14, ni 3. Hesabu imefunga. Na mwisho, aandike jibu pamoja na kipimo chake, na kabla ya alama ya mkato aweke sufuri. "0,5" haisomwi vibaya. ",5" inaweza kusomwa 5. Namba bila kipimo ni hatari kama dawa bila jina. Kuna paracetamol ya mshipani yenye miligramu 10 kwa kila mililita: anayeandika "60" bila kusema miligramu, mwenzake wa zamu ya usiku anaweza kuvuta mililita 60, na mtoto atapokea mara kumi ya kile alichoandikiwa.

Kwa mwanafunzi anayefuata njia hiyo kila siku kwa miezi miwili, maswali matano kila jioni, swali la hesabu linakuwa swali la uhakika kuliko yote katika mtihani. Maswali mengine yana maoni ya msahihishaji ndani yake. Hili halina. Jibu ni moja, na mwenyewe unaweza kujua kabla ya kutoka ndani kwamba umelipata.

Watetezi wa mambo yalivyo wana maneno yao, na maneno hayo yanastahili kusikilizwa. Wa kwanza wanasema: shule hazina vifaa. Ni kweli kwamba nyingi hazina maabara. Lakini ampuli tupu na boksi lenye maandishi havina bei. Kila kituo cha afya kinavitupa kila siku, na vikisafishwa kwa uangalifu vinaweza kuwa kitabu bora kuliko kitabu. Mrija wa seromu ambao haukutumika kwa mgonjwa, chupa ya maji ya kunywa na saa vinatosha kufundisha darasa zima kuhesabu matone. Kinachokosekana hapo ni nia.

Wa pili wanasema: kuna meza zilizochapishwa ukutani, na kuna simu. Meza ni nzuri, na muuguzi mwenye busara anazitumia. Lakini meza inaanza na safu ya kilo, na haijui ni mrija gani uko mkononi wala ni ampuli gani imefika katika shehena ya wiki hii. Siku kituo kinapoporwa na muuguzi anakimbia na begi moja, ukuta unabaki nyuma. Simu nayo inahesabu chochote ilichopewa. Ukiiingizia uongo, inakurudishia uongo wenye desimali nne. Tena inazimika.

Wa tatu wana neno zito zaidi. Wanasema: vijana hawa wenyewe ni wakimbizi. Walisoma huku wakikimbia, shule zao zilifungwa, madaftari yaliungua, wazazi waliuza mbuzi wa mwisho kulipa karo. Kuwaangusha kwa sababu ya hesabu ni ukatili. Neno hilo linagusa moyo, kwa sababu ni kweli tupu juu ya maisha yao. Hata hivyo halifikishi pale linapotaka kufika. Mwanafunzi aliyepoteza mwaka kwa vita anastahili muda wa ziada, masomo ya jioni, na nafasi ya pili ya kukaa kwenye mtihani bila kulipa tena. Hastahili zawadi ya pointi. Huruma kwa mwanafunzi isilipwe na mtoto mchanga. Na mtoto huyo mchanga, mara nyingi, ni mdogo wake au mtoto wa dada yake, katika hema lile lile.

Kuna pia jambo ambalo maswali ya mtihani mara nyingi yanalificha. Karatasi inasema "mtoto wa kilo 12" kana kwamba kilo zinaandikwa kwenye paji la uso. Katika maeneo ya wakimbizi wa ndani hakuna anayejua kilo mpaka mtoto apandishwe kwenye mizani. Kuna fomula ya kukisia uzito kwa umri: ongeza 4 kwenye miaka ya mtoto, zidisha kwa 2. Mtoto wa miaka mitatu anatoka kilo 14. Lakini mtoto wa miaka mitatu aliyekula mara moja kwa siku tangu familia ilipokimbia anaweza kuwa na kilo 9. Anayemhesabia dawa kwa kilo 14 amempa dozi ya mtoto ambaye vita ilishammeza nusu. Mtihani unaojiheshimu umuulize mtahiniwa pia: utaupata wapi uzito huu? Na jibu la kwanza liwe: kwenye mizani.

Kwa hiyo yanayodaiwa hapa ni machache na yanawezekana. Jury ya taifa iweke hesabu ya dawa kuwa sehemu inayosimama peke yake: anayeishindwa asipite kwa kubebwa na pointi za masomo mengine, bali airudie sehemu hiyo, bila malipo mapya, hadi aijue. Sehemu hiyo ifanyike kwa mkono, na ampuli, bomba na mrija mezani, si kwa karatasi tu. Shule za wauguzi ziingize hesabu katika kila somo, malaria na hesabu yake, uzazi na hesabu yake, badala ya kuifungia katika saa chache za mwaka wa mwisho. Titulaire anayepokea vijana wa staji asiwaruhusu kuvuta dawa kabla hawajasema kwa sauti: kilo ngapi, miligramu ngapi, mililita ngapi. Na Ordre ya Wauguzi, iliyoundwa kwa sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016, ina haki ya kusema neno katika jambo hili, kwa sababu heshima ya kazi hiyo haitunzwi kwa kadi na mihuri tu.

Wazazi nao wana sehemu yao, na hawahitaji diploma kuitimiza. Mama akifika kituoni na kuuliza kwa adabu, "Dokta, leo mtoto wangu ana kilo ngapi?", hajamtukana mtu. Muuguzi anayejua kazi yake atajibu, "Ngoja tumpime, mama," na atamshukuru. Aulize pia: dawa hii ni kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Akipewa dawa ya maji, aombe kikombe chenye alama au bomba lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Na kadi ya mtoto yenye uzito wake iwe katika vitu vya kwanza vya kubeba siku ya kukimbia. Dozi zilizotajwa hapa ni za kuonyesha hesabu tu. Mwenye mgonjwa mbele yake afuate mwongozo wa kituo, na familia isijitolee dawa nyumbani kwa kuzisoma.

Vita haitaisha kwa sababu wauguzi wamejua kugawanya. Barabara hazitafunguka, na dawa hazitajaa rafuni. Lakini ampuli hiyo moja iliyofika, baada ya kupita vizuizi vyote kutoka Kinshasa, Kampala au Nairobi, ikifika mkononi mwa muuguzi, haipaswi kuharibika katika sentimita za mwisho kati ya chupa na mkono wa mtoto. Sentimita hizo ni za muuguzi peke yake. Anayetaka kuzibeba athibitishe kwanza kwamba anajua kuhesabu, na asiyejua afundishwe hadi ajue. Kabla ya hapo, sindano ikae mezani.